Vifaranga wa bata walioota matege: uchambuzi wa kisa kimoja

Kuhusu kisa hiki

Mambo haya yalitokea pwani ya Tanzania, msimu wa masika. Mtaa, mwaka na jina la mfugaji nimeviacha kando. Hapa nitamwita Mwalimu tu, maana ndilo jina analoitikia hata sokoni. Mimi ni mtoa huduma za mifugo, na sehemu ya makosa utakayosoma ni yangu. Idadi zote za mayai na vifaranga zimetoka kwenye daftari lake la mkono, lenye mistari iliyopigwa kwa rula. Laiti wafugaji wote wangekuwa walimu wastaafu.

Mwanzo wa mambo

Mwalimu alikuwa na bata tisa, majike saba na madume mawili. Ni wale bata tunaowaona kila kijiji, wenye nyama nyekundu ya vinundu usoni, ambao dume lao halipigi kelele bali linafoka kama pumzi inayotoka kwenye tairi. Watu wengi hudhani ni bata wetu wa asili. Asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, na kitaalamu huitwa Cairina moschata. Bata weupe wa Peking na karibu bata wengine wote wa kufugwa wanatokana na bata mwitu wa kaskazini mwa dunia, yule ambaye dume lake lina kichwa cha kijani. Ni jamii mbili tofauti. Ukiwachanganya utapata machotara wanaokua vizuri lakini hawazai. Hili nalitanguliza kwa sababu tatizo la kwanza la kisa hiki lilianzia hapo hapo.

Mwalimu alitaka vifaranga wengi kwa mkupuo mmoja. Jike mmoja aliachiwa mayai 13 ayaatamie mwenyewe. Mayai mengine 18 aliwawekea kuku wawili waliokuwa wameshakaa kiotani, tisa kila mmoja. Kuku kuatamia mayai ya bata si jambo geni. Bibi zetu walifanya hivyo. Hesabu yake ilikuwa kwamba majike waliobaki wataendelea kutaga wakati kuku wanafanya kazi ya ulezi. Hesabu nzuri kabisa, kwenye karatasi.

Mayai mawili na siku ya 28

Siku ya kumi alimulika mayai ya kuku wale kwa tochi usiku. Mawili yalikuwa meupe, hayana kitu. Yakabaki 16. Kufikia wiki ya nne kuku mmoja alianza kuchoka. Ametimiza siku zake 21, anasimama, anazunguka, anarudi kwa kujivuta. Mwalimu akamfunika kwa tenga lenye maji na mtama ndani, naye akatulia.

Kisha akaja jirani aliyesoma mahali kwamba mayai ya bata huanguliwa siku ya 28. Siku ya 28 ikafika, ikapita adhuhuri, hakuna yai lililopasuka. Mwalimu akaogopa kwamba vifaranga wamenasa ndani. Akachukua yai moja, akaligonga kwa ukucha na kumenya ganda taratibu kama anayemenya yai la kuchemsha. Ndani kulikuwa na kifaranga mzima, anapumua, kiini cha njano kikubwa bado kinaning'inia tumboni, mishipa ya damu imejaa kwenye ngozi laini iliyozunguka ganda. Damu ikatoka. Akajaribu la pili, hali ikawa ile ile. Wote wawili wakafa ndani ya saa moja.

Siku 28 ni sahihi kwa Peking na ndugu zake. Bata wetu hawa huchukua siku 35 hivi. Kifaranga hukivuta kiini ndani ya tumbo siku za mwisho kabisa, na damu iliyo kwenye ngozi ya ganda hurudi mwilini wakati huo huo. Ukimtoa kabla, humtoi kifungoni, unamkata kitovu.

Nilipomweleza baadaye alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo nilimfanyia upasuaji mtu asiyeumwa."

Mayai 14 yaliyobaki aliyaacha. Siku ya 35 na 36 wakatoka vifaranga 12, wawili wakafia ndani ya ganda. Upande wa jike bata, kati ya mayai 13 walitoka 11. Tofauti hiyo ndogo sishangazwi nayo. Jike bata huenda kuoga na kurudi kiotani tumbo limelowa, kwa hiyo mayai hupata unyevu. Kuku haogi maji. Anayetumia kuku anyunyizie mayai maji ya vuguvugu siku za mwisho.

Beseni

Sasa kulikuwa na makundi mawili yaliyozaliwa wiki moja, wazazi wale wale, uani pamoja. Kundi la jike bata, vifaranga 11, lilishuka kwenye majaruba ya mpunga nyuma ya nyumba tangu siku ya pili. Kundi la kuku, vifaranga 12, lilifungiwa bandani na kupewa chakula cha vifaranga wa kuku cha dukani, pamoja na drinka ya plastiki yenye mdomo mwembamba.

Bata hawezi kula chakula cha unga bila maji karibu. Anachota unga, anakwenda majini, anasuuza mdomo, anarudi. Asipopata maji ya kuzamisha mdomo hadi puani, unga hukauka na kuziba pua, macho nayo huanza kunata. Ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu alipoona pua zimeziba alihukumu kwamba bata wanataka maji, basi siku ya nne, jioni, mvua ikinyunya, akawawekea beseni la kufulia lililojaa. Vifaranga wakaingia kwa furaha. Kuku mlezi alibaki ukingoni anakwenda mbele na nyuma, anaita, manyoya yamemsimama. Beseni lilikuwa na kuta zinazoteleza, hakuna pa kutokea. Waliokolewa baada ya robo saa hivi, wamelowa hadi ngozini, wanatetemeka. Wawili hawakufika asubuhi.

Swali ambalo kila mtu pale uani aliniuliza ni hili: vipi bata afe kwa maji? Wenzao 11 walikuwa majini tangu siku ya pili na hawakupata hata mafua. Bata mkubwa ana tezi ya mafuta juu ya mkia. Hulipitisha domo pale na kujipaka manyoya, maji yakawa yanateleza. Kwa kifaranga wa siku chache tezi hiyo bado haijafanya kazi ipasavyo. Anayelala chini ya tumbo la mama yake hupakwa mafuta ya mama bila kujua, na akitoka majini hurudi chini ya tumbo hilo hilo kupashwa moto. Hawa wa kuku hawakuwa na mafuta ya kuazima, na mama yao wa kambo asingeweza kuwafuata majini kuwaambia muda umetosha.

Miguu

Wakabaki kumi. Mfuko wa chakula cha dukani ukaisha mwishoni mwa wiki ya pili, na bei ilikuwa imepanda. Mwalimu akahamia kwenye pumba za mahindi na uji mzito wa dona. Siku ya 17 kifaranga mmoja alianza kuchechemea. Siku ya 20 walikuwa sita. Wanatembea hatua mbili tatu kisha wanakaa kitako, wengine wanajisukuma kwa mabawa.

Duka la dawa za mifugo lilimuuzia unga wa antibaiotiki wa kuchanganya na maji. Hakuna aliyewaona vifaranga; aliulizwa tu "kuku au bata?" na kwa jibu lolote angepewa pakiti ile ile.

Hakuna nafuu. Ndipo akanipigia simu. Aliniambia vifaranga wamelegea miguu na kwamba nyumba ya tatu kuku wamekufa wengi. Nikasema, nikiwa nimesimama kituo cha daladala na kelele zote zile, kwamba huo utakuwa mdondo, ule ugonjwa wa virusi unaoua kuku; awatenge, na kuku wote wachanjwe. Mdondo kweli huleta kupooza. Lakini nilisahau kitu ninachokifundisha kila semina: bata huweza kubeba kirusi cha mdondo bila kuugua, na nadra kumkuta ameangushwa nacho. Kwa siku tatu Mwalimu aliishi akijua vifaranga wake watakufa wote. Siku ya pili yake alikuwa ameshanoa kisu.

Nilichokiona nilipofika

Siku ya 23 nikaenda. Vifaranga walikuwa wachangamfu kupita nilivyotarajia. Macho angavu, wanapigania chakula, kinyesi cha kawaida, hakuna shingo iliyopinda wala kuhema kwa shida. Niliwabeba mmoja mmoja. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba na kina joto kidogo. Miguu ilikuwa matege hasa, magoti nje, nyayo ndani, kama ya mtoto aliyechelewa kutembea. Sakafuni kulikuwa na mfuko wa saruji wa plastiki uliotandikwa ili usafi uwe rahisi, unateleza kama sahani yenye mafuta.

Wakati bado nimemshika wa nne, kundi la jike bata likapanda kutoka majarubani. Wote 11 wakati huo, mstari mmoja, miguu imenyooka, wananipita bila kuniangalia. Mwalimu akaniambia kwa sauti ya chini, "Dokta, hawa ni ndugu zao. Ugonjwa gani unaochagua mama wa kulelewa naye?"

Hilo ndilo swali lililomaliza kazi. Mimi nilikuwa na mafunzo, yeye alikuwa na makundi mawili mbele ya macho yake.

Uamuzi na sababu zake

Mdondo niliuondoa kwa dalili nilizotaja. Nilifikiria pia shingo legevu, sumu ya bakteria wa botulinamu inayotokea bata wanapokula mizoga au funza kwenye maji yaliyotuama. Huko shingo ndiyo huanguka, na wa kwanza kuathirika wangekuwa wale wa majarubani. Sumu kuvu ilinitia wasiwasi zaidi, kwa sababu pumba zilikuwa za masika na vifaranga wa bata ni dhaifu mno mbele ya sumu hiyo. Ilipogundulika mara ya kwanza, Uingereza mwaka 1960, baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa kwa mashudu ya karanga kutoka Brazil, wanasayansi walitumia vifaranga wa bata kupimia chakula kama kina sumu. Lakini sumu kuvu huharibu ini. Kifaranga hudumaa, hukataa chakula, hufa. Hawa walikuwa na njaa.

Kilichobaki ni upungufu wa niasini, yaani vitamini B3. Kifaranga wa bata anahitaji takriban miligramu 55 katika kila kilo ya chakula. Wa kuku hutosheka na 27 hadi 35, na chakula cha dukani hutengenezwa kwa kipimo chake. Kuku pia ana akiba nyingine: hutengeneza niasini mwilini kutokana na triptofani, kijenzi kimoja cha protini. Bata naye ana kimeng'enya kinachoipeleka triptofani hiyo njia nyingine kabla haijawa niasini, kwa hiyo anapata kidogo sana.

Juu ya hapo yakaja mahindi. Niasini ya mahindi ipo, ila imefungwa ndani ya nafaka kiasi kwamba tumbo haliwezi kuifungua. Watu wa Meksiko huchemsha mahindi kwa chokaa tangu enzi za kale, na chokaa huifungua. Zao liliposafiri kwenda kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Italia bila chokaa yake, maskini waliokula mahindi pekee waliugua pelagra, ugonjwa wa binadamu wa upungufu wa niasini. Vifaranga wa Mwalimu walitoka kwenye chakula chenye nusu ya mahitaji yao wakaingia kwenye chakula kisicho na kitu karibu kabisa. Ndugu zao majarubani walikuwa wanakula wadudu, konokono wadogo na majani mabichi, na hawakujua kwamba kuna kitu kinaitwa niasini.

Tulifanya hivi. Vidonge vya nikotinamidi, aina mojawapo ya niasini, vya miligramu 50 kutoka duka la dawa za binadamu, kidonge kimoja kilichosagwa kwenye lita moja na nusu ya maji, maji mapya kila asubuhi, na hakuna maji mengine ya kunywa. Dagaa wa kusaga wachanganywe kwenye pumba. Mwalimu alitaka kuongeza karanga zilizobaki chini ya debe; nikazinusa, nikazikataa. Mfuko wa plastiki ukatolewa, maranda makavu ya mbao yakatandikwa. Na karai la bati la kina kifupi likachukua nafasi ya drinka, kina cha kufunika pua na macho tu, na jiwe katikati la kukanyagia wakitoka. Bata hahitaji bwawa. Anahitaji maji ya kuosha uso.

Niliwaza kuwahamishia vifaranga kwa jike bata akawalee. Tulijaribu jioni moja, wakamkimbia. Walikuwa wameshamtambua kuku kuwa mama, na hilo hutokea siku ya kwanza ya maisha, ndani ya saa chache. Mwanasayansi Konrad Lorenz alilieleza mwaka 1935 kwa vifaranga wa bata bukini waliomfuata yeye mwenyewe, na mwaka 1973 akawa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa tabia za wanyama. Hapa uani hakukuwa na Nobel, kulikuwa na vifaranga kumi waliojificha chini ya kuku mdogo kuliko wao wote kwa pamoja, mikia imebaki nje.

Matokeo

Baada ya siku nne wawili kati ya sita walisimama bila kuanguka. Kufikia wiki ya pili walikuwa wanne. Wa tano alibaki na mguu uliopinda. Mfupa ulikuwa umeshakomaa vibaya. Alilishwa mpaka wiki ya kumi akachinjwa. Wa sita alikanyagwa na wenzake usiku mmoja kabla hajapata nguvu. Kwa hiyo kundi la kuku, lililoanza na 12, lilifikisha wanane.

Nilikuwa tayari kuandika kwamba ulezi wa jike bata umeshinda. Mwalimu akanifungulia daftari. Kundi la majarubani, lile la miguu mizuri, lilikuwa limebaki saba. Mwewe alichukua watatu na kenge mmoja, wote ndani ya wiki mbili baada ya ziara yangu ya kwanza. Hakuna aliyeugua. Waliliwa wakiwa na afya njema.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kosa la kila hatua lilikuwa la aina moja, kipimo cha ndege mwingine: siku za Peking, chakula cha kuku, chombo cha maji cha kuku, ugonjwa wa kuku. Hata antibaiotiki ile kipimo chake kilikuwa cha kuku. Ni mazoea ya nchi nzima. Maduka yetu, semina zetu na vitabu vidogo tunavyogawa vyote vimeandikiwa kuku, na bata hupewa ukurasa mmoja mwishoni.

Langu ni simu. Nilitoa jina la ugonjwa kabla ya kuuliza swali moja tu, wanakula nini. Nisingekuwa nimesema mdondo, niasini ingeanza siku tatu mapema, na yule wa tano huenda angekuwa na mguu wake. Ushauri wa kuwachanja kuku ulikuwa sahihi kwa bahati: kuku wa Mwalimu walipata tone la I-2, chanjo ya mdondo, jichoni na hakuna aliyekufa, ingawa mtaa ulipoteza wengi.

Kilichofaa zaidi hakikupangwa. Makundi mawili ya umri mmoja uani pamoja yalifanya kazi ambayo maabara ingeifanya kwa gharama. Naongeza kwamba daftari lilinizuia nisidanganye: bila lile ningewashauri watu waachie vifaranga majarubani, na mwewe wangenishukuru.

Msimu uliofuata

Mwalimu hawapi tena kuku mayai ya bata. Majike wawili waliatamia wenyewe, na tarakimu 35 imeandikwa kwa chaki mlangoni mwa banda. Kwa wiki tatu za kwanza vifaranga walikaa na mama zao uani, juu yao kumetandazwa wavu mkuukuu alioununua kwa wavuvi. Waliletewa dagaa na majani ya mchicha, na karai lenye jiwe lilikuwa pale pale.

Kilibaki kitu kimoja. Kati ya wale wanane waliolelewa na kuku, dume mmoja alipokomaa hakuwajali majike bata hata kidogo. Alikuwa anawatongoza matetea: anafoka, anatikisa kichwa, anawapanda. Mwalimu alicheka mwanzoni. Nikamwambia asicheke. Dume la bata, tofauti na jogoo, ana uume, na tetea anaweza kuumia vibaya ndani. Matetea wawili walikuwa wameshaanza kuchubuka shingo. Dume lile liliuzwa siku tatu kabla ya Idi, na mnunuzi alilisifia miguu.